Maumivu ya Mwezi na Mafuta Tunayokula



Katika madarasa ya kisomo akina mama hutuuliza swali moja mara kwa mara. Wanauliza hivi: "Je, ni kweli kwamba mafuta ya kupikia ndiyo yanayoleta chango la uzazi?" Wengine wanauliza kinyume: "Je, ni kweli kwamba mafuta ya samaki yanaliponya?" Swali hili tunajua linakotoka. Linatoka minadani, ambako watu wanauza chupa na vidonge na kusema ati vinaondoa maumivu ya mwezi na kufungua uzazi.

Swali ni zuri, lakini jibu lake si la neno moja. Kwa hiyo tumeona tulieleze polepole, hatua kwa hatua. Tunaomba wanaume nao wasome. Jambo hili ni la nyumba nzima.

CHANGO NI UGONJWA GANI?

Chango ni jina ambalo wazee wetu waliyapa maumivu mengi ya tumbo la chini. Ndani ya jina hilo moja mna magonjwa mbalimbali. Mna maambukizo ya mirija ya uzazi. Mna uvimbe wa mfuko wa uzazi. Mna pia ugonjwa ambao watu wengi hawajapata kuusikia. Jina lake ni endometriosisi. Ni jina refu, lakini wewe unajua kusoma. Lisome kwa silabi: e-ndo-me-tri-o-si-si.

Mfuko wa uzazi una utando laini kwa ndani. Kila mwezi utando huo unanenepa, ukijiandaa kupokea mimba. Mimba isipoingia, utando unabomoka na kutoka pamoja na damu. Hiyo ndiyo hedhi.

Sasa kuna wanawake ambao vipande vinavyofanana na utando huo vinaota nje ya mfuko wa uzazi. Vinaota juu ya vifuko vya mayai, au kwenye mirija, au nyuma ya mfuko wa uzazi, au juu ya utumbo na kibofu. Kila mwezi vipande hivyo navyo huvimba na kutoa damu. Lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Inabaki ndani, inachoma, inaleta makovu. Makovu yanaweza kugandamanisha viungo ambavyo vilipaswa kuwa mbalimbali.

Vipande hivyo vinafikaje huko? Mwaka 1927 daktari Mmarekani, John Sampson, alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija na kumwagikia tumboni. Maelezo yake yanakubalika hadi leo, ila hayatoshi. Wanawake wengi damu yao inarudi nyuma hivyo, lakini si wote wanaougua. Kwa hiyo liko jambo jingine mwilini linalofanya vipande vishike kwa huyu na visishike kwa yule.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa ana ugonjwa huu. Duniani kote ni wanawake na wasichana wapatao milioni 190. Hesabu sasa mwenyewe: katika darasa lenye wanawake 30, huenda 3 wanao.

Zamani madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walidhani kwamba mwanamke mweusi hapati ugonjwa huu, au anaupata kwa nadra. Mwaka 1976 daktari Donald Chatman wa Chicago aliandika kupinga jambo hilo. Alionyesha kwamba wanawake weusi wengi walikuwa wakiambiwa wana maambukizo ya mirija, kumbe wana endometriosisi. Mtu hawezi kupona kwa dawa ya ugonjwa ambao hana.

DALILI ZAKE

Maumivu kidogo wakati wa hedhi ni jambo la kawaida. Lakini haya yafuatayo si ya kawaida:

- Maumivu ya mwezi yanayomlaza mama kitandani, asiweze kwenda shamba, au yanayomfanya msichana akose shule kila mwezi.
- Maumivu makali wakati wa tendo la ndoa.
- Maumivu ya kwenda haja kubwa au ndogo, hasa siku za hedhi.
- Maumivu ya tumbo la chini yanayoendelea hata baada ya hedhi kwisha.
- Kuchelewa kupata mimba.

Mwanamke anaweza kuwa na dalili moja tu, au zote. Wako wengine hawaumwi kabisa, wanagundua tu pale mimba isipoingia. Tunasisitiza kwamba dalili hizi zinaweza pia kuwa za ugonjwa mwingine. Ndiyo sababu vipimo vinahitajika.

MOTO ULIO MWILINI

Tuseme mwiba umekuchoma mguuni. Baada ya muda mahali pale pamevimba, pamekuwa pa moto, panauma ukigusa. Mwili unapigana. Umepeleka askari wake pale penye mwiba, na vita vyao ndivyo vinavyoleta moto ule. Wataalamu wanaita hali hiyo inflamesheni. Sisi tutaiita uvimbe wa moto.

Uvimbe wa moto ni mlinzi mzuri, mradi kazi ikiisha aondoke. Mwiba ukitoka, mguu unapoa. Lakini katika endometriosisi mwiba hautoki. Vile vipande viko tumboni mwezi hadi mwezi, na mwili unapigana navyo bila kupumzika. Moto unawaka, unapungua, unawaka tena. Hapo ndipo maumivu yanapotoka.

Je, mwili unawashaje moto huo? Unatumia vitu vingi. Kimojawapo kinaitwa prostaglandini. Ni kama tarishi mdogo anayepeleka amri. Akifika kwenye mfuko wa uzazi anaamuru: "Bana!" Nao unabana ili utoe damu ya hedhi. Kila mwanamke ana prostaglandini, na bila hizo hedhi isingetoka vizuri. Zikizidi, mfuko unabana kupita kiasi na maumivu yanakuwa makali. Vile vipande vya endometriosisi navyo vinatengeneza prostaglandini zake.

Mwaka 1971 mtaalamu Mwingereza, John Vane, alionyesha kwamba aspirini inatuliza maumivu kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Kwa kazi hiyo, yeye na wataalamu wawili wa Sweden, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1982.

SASA MAFUTA YANAINGIAJE HAPA?

Yanaingia hivi: mwili unatengeneza prostaglandini kutokana na mafuta tunayokula.

Mafuta yo yote, yawe ya alizeti, ya nazi, ya ng'ombe au ya samaki, yameundwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za mafuta. Asidi hizo ziko za aina nyingi. Nyingi kati yake mwili unaweza kujitengenezea wenyewe. Lakini ziko jamii mbili ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza, ni lazima zitoke katika chakula. Jamii hizo zinaitwa omega-6 na omega-3.

Waliofungua njia ya elimu hii ni mume na mke, George Burr na Mildred Burr, wa Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani. Mwaka 1929 waliandika habari za panya waliolishwa chakula kisicho na mafuta kabisa. Panya wale waliacha kukua, ngozi yao ikawa na magamba, na mwisho wakafa. Kwa hiyo mtu akikuambia uache mafuta yote ili upone, usimsikilize. Mwili unahitaji mafuta.

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Kijiji kina mashine moja. Watu wameleta mahindi na mtama. Mashine haichagui, inasaga kinacholetwa. Ikiwa madebe mengi kwenye foleni ni ya mahindi, unga utakaotoka kwa wingi ni wa mahindi. Ukiongezeka mtama kwenye foleni, unga wa mtama nao unaongezeka.

Mwilini ni vivyo hivyo. Omega-6 na omega-3 zinapita katika mashine ileile. Zikipita omega-6, zinatoka prostaglandini zenye nguvu, zinazobana sana na kuwasha moto. Zikipita omega-3, kwa kawaida zinatoka zilizo pole zaidi. Kwa hiyo wataalamu walifikiri hivi: mwanamke akila omega-3 ya kutosha, huenda moto wake ukapungua. Fikra ni nzuri. Lakini fikra nzuri ni lazima ipimwe. Je, imepimwa?

WATAALAMU WALIVYOPIMA

Wamepima kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuangalia watu wanavyokula, kisha kusubiri. Huko Marekani wauguzi wanawake 70,709 walifuatiliwa kwa muda wa miaka 12. Waliandika vyakula walivyokula. Katika muda huo wanawake 1,199 walionekana kwa upasuaji kuwa na endometriosisi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010, nayo ni haya:

- Jumla ya mafuta aliyokula mtu haikuhusiana na ugonjwa.
- Waliokula omega-3 nyingi kabisa, ile inayopatikana hasa kwa samaki, walipata ugonjwa kwa asilimia 22 chini ya waliokula kidogo kabisa.
- Waliokula kwa wingi kabisa mafuta yaliyogandishwa kiwandani walipata ugonjwa kwa asilimia 48 zaidi ya waliokula kidogo kabisa.

Mwaka 2018 wauguzi wa uchunguzi huohuo waliangaliwa tena, safari hii kwa upande wa nyama. Waliokula nyama nyekundu zaidi ya mara mbili kwa siku walipata ugonjwa kwa asilimia 56 zaidi ya waliokula mara moja kwa wiki au chini ya hapo. Lakini hebu tujiulize: ni nani kijijini kwetu anayekula nyama mara mbili kila siku? Wengi wetu tunaingoja sikukuu. Kwa hiyo mama asimnyime mtoto wa kike kipande chake cha nyama kwa kuogopa habari hii. Msichana anayepoteza damu kila mwezi anahitaji madini ya chuma, na nyama inayo.

Tena tuwe waangalifu. Uchunguzi wa namna hii unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Jogoo anawika, jua linachomoza. Je, ni jogoo aliyelitoa jua?

Njia ya pili ina nguvu zaidi. Unawapa wagonjwa dawa, wengine unawapa kidonge kisicho na dawa ndani, na mgonjwa hajui amepewa kipi. Kisha unalinganisha. Jaribio kama hilo lilifanyika Boston, Marekani, na kutangazwa mwaka 2020. Wasichana na wanawake vijana 69 wenye endometriosisi, wa umri wa miaka 12 hadi 25, waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa mafuta ya samaki, jingine vitamini D, la tatu vidonge visivyo na dawa. Waliendelea hivyo kwa miezi 6.

Unadhani nini kilitokea? Waliopewa vitamini D walisema maumivu yamepungua. Waliopewa vidonge visivyo na dawa nao walipata nafuu karibu sawa na hao. Waliopewa mafuta ya samaki walipata nafuu ndogo zaidi, kama nusu tu ya hiyo.

Jaribio lile lilikuwa dogo, nalo peke yake halimalizi habari. Lakini linatufundisha mambo mawili. Kwanza, mtu akisema "nilikunywa chupa ile nikapata nafuu," huenda anasema kweli kabisa, na bado chupa ile haina dawa. Pili, mafuta ya samaki ya vidonge hayajathibitishwa kuponya endometriosisi. Mama asiuze mbuzi wake ili ayanunue. Fedha hiyo ni afadhali iwe nauli ya kwenda hospitali.

BASI TULE NINI?

Chakula bora hakiondoi vile vipande tumboni. Lakini kinaujenga mwili unaopigana, na kina faida nyingine nyingi, kama vile kulinda moyo. Kwa hiyo tunashauri haya.

Tule samaki pale wanapopatikana. Dagaa wa ziwani, vibua na dagaa wa baharini wana omega-3, na bei yao ni ndogo kuliko ya chupa za dawa. Chagua dagaa wabichi au waliokaushwa karibuni. Wakikaa sana na kuanza kunuka mafuta yaliyoharibika, omega-3 imekwisha kupungua.

Tusiogope mafuta ya alizeti. Ni kweli yana omega-6 nyingi. Lakini mwili unaihitaji omega-6 nayo, na mafuta haya yana faida kwa moyo. Tuyatumie kwa kiasi, pamoja na samaki, maharage, mboga za majani na matunda.

Tuepuke mafuta ya maji yaliyogandishwa kiwandani kwa kutiwa gesi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika chakula, kwa sababu yanaharibu moyo. Utayajuaje? Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Soma karatasi iliyobandikwa koponi. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini herufi ni zilezile unazozijua. Tafuta neno refu linaloanza na H, Y, D, R, O. Ukiliona katika orodha ya vilivyomo, acha kopo hilo, chukua jingine. Mafuta ya nazi na ya mawese huganda yenyewe wakati wa baridi. Hayo ni mambo mengine.

NENDA HOSPITALI

Wanawake wengi duniani huishi na ugonjwa huu miaka mingi kabla haujajulikana. Sababu moja ni aibu. Nyingine ni maneno ya sisi wengine: "Vumilia, ndio uanamke." "Ukizaa utapona." Wengine wanasema amerogwa. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika jambo hili neno hilo ni kweli tupu.

Anza na kitu rahisi. Chukua daftari. Kila siku unayoumwa andika tarehe, andika panapouma, na andika kazi uliyoshindwa kufanya. Fanya hivyo kwa miezi mitatu. Kisha chukua daftari hilo uende zahanati. Usiseme tu "tumbo linauma." Mwonyeshe mganga daftari. Mwulize: "Je, inaweza kuwa endometriosisi?" Ikibidi atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko wana mashine ya kupiga picha tumbo. Picha hiyo inaweza kuonyesha uvimbe kwenye vifuko vya mayai, ingawa mara nyingine haionyeshi kitu na ugonjwa upo. Hospitali chache kubwa zinaweza kutoboa kitundu kidogo karibu na kitovu na kutazama ndani.

Hakuna dawa inayoung'oa ugonjwa huu moja kwa moja. Lakini msaada upo. Ziko dawa za maumivu kama ibuprofeni, ambazo zinazuia prostaglandini kama tulivyoeleza. Hizo zinyweke pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo au mwenye mimba amwulize mganga kwanza. Ziko dawa zilezile za uzazi wa mpango, ambazo zinavituliza vile vipande. Mwanamke anayezitumia hapati mimba kwa wakati huo, lakini vidonge haviui uzazi. Akiacha, anaweza kuzaa. Na uko upasuaji wa kuondoa vipande na makovu, ambao huwasaidia wengine kupata mimba.

KWA WANAUME

Ndugu yetu mwanamume, mkeo akisema tendo la ndoa linamwumiza, hakukatai wewe. Huenda anaumwa kweli. Na kama miaka imepita bila mtoto, usikimbilie kumrudisha kwao. Nendeni wote wawili mkapimwe, kwa maana upungufu unaweza kuwa kwako pia. Wanawake wengi wenye endometriosisi wanazaa. Aliyeachwa kwa sababu ya ugonjwa usiojulikana jina amepoteza ndoa, shamba na heshima, na pengine alihitaji barua moja tu ya kwenda hospitali.

Kwa hiyo lile swali la akina mama tunalijibu hivi. Mafuta ya kupikia hayajathibitishwa kuleta ugonjwa huu, wala mafuta ya samaki hayajathibitishwa kuuponya. Chakula kizuri ni msaada. Hospitali ndiyo njia.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Ni maumivu gani ya hedhi yasiyo ya kawaida? Taja matatu.
2. Kwa nini si vizuri kuacha kula mafuta yote?
3. Mtu amekuja mnadani na chupa, naye analeta mashahidi watatu waliopata nafuu. Mtamwuliza nini kabla ya kumpa fedha?
4. Katika kijiji chetu, msichana anayekosa shule kila mwezi kwa maumivu anaambiwa nini nyumbani? Je, tumwambie nini kuanzia sasa?